Niliwaambia Wageni wa Msibani Warudi Tena

Nang Ursula, dada yetu mkubwa wa redioni kila Jumamosi asubuhi,

Nakuandikia kwa penseli ili nikiona aibu katikati niweze kufuta, na kabla sijasema lolote nakuomba barua hii usiisome Jumamosi, isome siku nyingine yoyote, kwa sababu Jumamosi bibi yangu hukusikiliza tangu wimbo wa kwanza mpaka matangazo ya mbolea, na akiisikia atajua ni mimi hata nikibadilisha majina yote. Majina nimeyabadilisha hata hivyo.

Nina miaka kumi na minane. Nilimaliza shule mwaka jana kule Sharjah, ambako mama yangu anafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno na baba yangu anatengeneza lifti, na nimekulia ghorofa ya kumi na moja katika jengo ambalo jirani wa mlango wa pili tulikaa naye miaka tisa bila kujua jina lake. Mama ni wa huku Cebu, baba ni wa Iloilo, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kitagalogi, ambacho si cha kwao yeyote, ili asiwepo mshindi, na Kisebuano nilikijua kwa kumsikia tu mama akigombana na dada zake kwenye simu, yaani nilijua kukasirika lakini sikujua kusalimia. Niliomba mwenyewe nije kuishi na Lola Oniang, bibi mzaa mama, ambaye magoti yake yamechoka na hawezi kushuka ngazi tatu za baraza bila kushikwa. Nilitaka kumjua. Sasa naogopa nimemharibia kitu ambacho siwezi kukitengeneza, na ndiyo sababu ya barua hii.

Bibi alianza kunifundisha siku ya pili tu. Aliniambia, kwa jina ambalo huku kila msichana huitwa, "Inday, wewe una adabu lakini hakuna anayeisikia. Adabu ya moyoni ni kama chumvi iliyobaki dukani." Nikanunua daftari nikalichora safu tatu, ya kwanza kinachosemwa, ya pili kinachojibiwa, na ya tatu niliiandika "Kwa nini", na mpaka leo safu ya tatu ndiyo yenye nafasi nyingi zilizo wazi, maana kila nikimuuliza Bibi kwa nini hunijibu, "Kwa sababu ndivyo," halafu ananituma siki.

Nikitumwa siki watu huniuliza "Asa ka?", yaani unakwenda wapi, na mimi siku za kwanza nilikuwa nawaambia. Kuna mama mmoja anayeuza samaki sokoni, Tiya Choleng, ambaye utamsikia tena chini huko. Aliniuliza, nikasimama vizuri nikamjibu kwamba naenda dukani kununua siki pakiti mbili, kisha nitapitia kwa fundi cherehani kuchukua sketi ya Bibi kama mkanda umeshapunguzwa, kisha nitarudi kwa njia ya kanisani kwa sababu ile nyingine ina mbwa. Akatua beseni lake chini kabisa. "Mama yangu! Mtoto, nimekusalimia tu, hapa si mahakamani!" Wenzake wakacheka mpaka mizani ikayumba. Nikajifunza kwamba jibu ni kuinua kidevu, kuchongoa midomo upande wowote ule, na kusema "pale tu", basi, na yeye ataridhika kabisa ingawa hajaambiwa kitu. Mimi jambo hili lilinifikirisha siku nyingi. Kwa nini watu waulize wasichotaka kujua, na kwa nini nikiwajibu uongo wa kidevu wafurahi kuliko nikiwajibu ukweli?

Jirani zetu wa upande wa pili wa ua wa mianzi walikuwa mzee mmoja, Nong Ikong, na mke wake Lola Ebing, ambaye ni rafiki wa Bibi tangu wakiwa wasichana. Siku moja saa sita mchana napita, nawaona wanakula nje, na Nong Ikong ananiita, "Inday, njoo tule!" Nami nikajiambia kukataa chakula cha watu ni dharau, nikaingia, nikakaa, nikala. Samaki walikuwa wawili na wao walikuwa wawili. Lola Ebing alinisogezea wa kwake akasema siku za Jumanne hapendi samaki. Niliporudi nyumbani Bibi aliniuliza nimechelewa wapi, nikamwambia.

"Ulikaa? Kwenye kiti?"

"Nilikaa, Bibi."

"Ukala?"

"Nikala."

"Samaki mzima?"

"Nilibakisha kichwa."

Bibi akajifunika uso na aproni. Alipojifunua akasema, "Sikiliza. Wakikuita mara ya kwanza, umeshiba. Wakikuita mara ya pili, umeshiba. Mara ya tatu, hapo ndipo unaangalia sufuria kwanza." Tangu siku hiyo kila nikipita mchana Nong Ikong alikuwa anapaza sauti mtaa mzima usikie, "Inday, njoo tule, leo wako watatu!" na mimi nakimbia huku nasema nimeshiba, nimeshiba, na naweza kukuambia Nang Ursula kwamba katika maisha yangu hakuna mtu mwingine aliyewahi kunitania kwa namna iliyonifanya nijisikie nimefika mahali.

Lakini desturi niliyoipenda kuliko zote ni ile ya asubuhi. Kila siku saa kumi na mbili Lola Ebing alikuwa anakuja kwetu kunywa sikwate, na Bibi huipiga mwenyewe kwa mpekecho wa mti mpaka kakao itoe povu, na kipindi chako kikiwepo wanakusikiliza pamoja na kukubishia. Geti letu halifungwi, limeng'oka bawaba moja, na barazani tunamwona Lola Ebing tangu anatoka mlangoni kwake. Hata hivyo alikuwa anasimama nje ya geti anaita, "Maayo!", yaani hodi. Na Bibi aliyekuwa anamtazama usoni kabisa anajibu, "Dayon!", yaani karibu ndani, ndipo anaingia, nami kwa heshima naupeleka mkono wake kwenye paji la uso wangu. Miaka arobaini hivyo hivyo. Nilimuuliza Bibi kwa nini anaita wakati anaonekana, na kwa nini na yeye anamkaribisha mtu ambaye kikombe chake kimeshajazwa. Hii ndiyo siku pekee aliyonijibu kitu kingine. Alisema, "Siku nisipojibu, atajua." Nikaandika kwenye safu ya tatu, lakini sikuielewa.

Na mafunzo ya mwisho yalikuwa kumsindikiza mgeni. Bibi aliyakazia kuliko yote. Mgeni haachwi aondoke kama kuku, unafuatana naye mpaka getini, unamshukuru kwa kuja, unamwambia "balik-balik", yaani urudi tena na tena. Kwa kuwa Bibi hawezi ngazi, kazi hiyo ikawa yangu, na niseme ukweli, niliiweza. Mtu mwenye haya kama mimi huteseka na kukaribisha, maana baada ya kukaribisha kuna mazungumzo, lakini kuaga ni maneno matatu na mwenzako tayari anaondoka. Watu walianza kumwambia Bibi mjukuu wako ana adabu. Bibi alikuwa anajifanya hasikii halafu ananiongezea sukari.

Mwezi wa tisa Nong Ikong alifariki akiwa amekaa kwenye kiti chake baada ya chakula cha mchana. Jeneza liliwekwa sebuleni kwao, turubai likafungwa uani, zikaja meza za karata na kahawa na makopo ya biskuti, na Bibi alipelekwa kila siku amebebwa juu ya kiti cha plastiki na wanaume wawili, akawekwa karibu na Lola Ebing. Mimi nilikuwa jikoni. Kabla ya hapo sikuwahi kwenda msibani hata mara moja, maana kule Sharjah mtu akifa hurudishwa kwao kwa ndege na sisi tunasikia.

Siku ya nne alasiri nilikuwa nasuuza vikombe dirishani, na kutoka pale nikaona jambo lililonishangaza. Wageni walikuwa wanaondoka na hakuna anayenyanyuka. Mtu ametoka mbali kwenye mvua, amesali, amekaa saa mbili, anasimama anaondoka zake kimya, na Lola Ebing hageuzi hata shingo, hakuna asante, hakuna mpaka getini, hakuna kitu. Nikafikiri, maskini, huzuni imewasahaulisha. Nikafikiri Nong Ikong aliyekuwa anaita watu waje kula na samaki wenyewe wawili angeona aibu. Nikafuta mikono, nikaenda kusimama getini, na kila aliyetoka nikafuatana naye hatua chache, nikamwambia asante sana kwa kuja, balik-balik.

Niliwaambia watu kumi na mmoja. Niliwahesabu kwa sababu nilikuwa najipongeza. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba, nikadhani ni mcha Mungu. Mwingine alinitazama akaongeza mwendo, nikadhani anawahi gari. Mzee mmoja, Nong Takyo, aliangusha mwavuli wake matopeni akaondoka bila kuuokota, nami nikaupangusa nikauning'iniza getini, nikasema moyoni atarudi kuuchukua.

Wa kumi na mbili alikuwa Tiya Choleng. Nilisahau kukuambia kwamba Tiya Choleng ni dada wa marehemu. Hakuwa anaondoka, alikuwa anatoka kuchukua barafu. Nikamwambia na yeye.

"Umesema nini?"

Nikarudia, nikidhani matamshi yangu mabaya.

"Hoy! Hoy, njooni mumsikie huyu! Unamwambia nani arudi? Arudi hapa kufanya nini, kumzika nani? Umeshachagua? Hebu tutajie basi tujiandae!"

Karata zikasimama. Mtu mmoja aliyekuwa bado nje ya geti akasema, "Ameniambia na mimi." Mwingine akasema, "Na mimi, na mke wangu." Wakaanza kuhesabiana. Niligeuka nikamwona Lola Ebing ndani karibu na jeneza, amejiziba mdomo kwa leso, macho ameyafumba, mabega yanamtetemeka, na Bibi amemshika mkono anaangalia chini. Nikakimbia. Nilikimbia mpaka nyumbani na aproni ya watu kiunoni.

Bibi alirudishwa na kiti chake jioni. Nilingoja anigombeze. Alisema tu, "Mwavuli wa watu urudishwe," akaomba maji ya kunawa.

Mama mmoja aliyekuwa anaongoza sala pale msibani ndiye aliyenieleza baadaye, kwamba penye maiti mfiwa hamshukuru mgeni, hamsindikizi, wala hamwambii arudi, kwa sababu anayerudi atarudi kwa msiba mwingine, na mgeni naye anajua, anajiondokea tu. Alishangaa kwamba sijui. Alinitazama kama anayemtazama mtu asiyejua moto unaunguza. Tangu hapo Tiya Choleng akiniona sokoni huwaambia wenzake, "Shikeni roho zenu, anapita mkaribishaji," na Nong Takyo, yule wa mwavuli, alipata homa siku tatu baadaye, na ingawa amepona na anauza mahindi kama kawaida, Tiya Choleng bado anamhesabu.

Yote hayo ningeyavumilia. Nisichoweza kukivumilia ni kwamba leo ni siku ya ishirini na sita tangu Nong Ikong afariki na Lola Ebing hajaja getini kwetu hata mara moja. Kila asubuhi Bibi anapiga sikwate, anaweka vikombe viwili, anakaa anatazama ua. Kimoja kinapoa. Hufungua redio kwa sauti kubwa mno siku hizi, mpaka kuku wanatoka chini ya sakafu, nadhani na masikio yake yanaanza kuchoka. Nilijikaza nikamuuliza mara moja, Bibi, mbona Lola Ebing haji? Akasema, "Miguu yake itamleta siku yake," na mimi sikuthubutu kuuliza tena, kwa sababu naogopa jibu ni mimi. Siku hizi nikienda dukani napitia nyuma kwenye migomba ili nisipite mbele ya nyumba yake.

Sasa mama amepiga simu kwamba kliniki inataka msichana wa pili wa mapokezi, na nikitaka nafasi nimjibu kabla ya mwisho wa wiki ijayo. Mapokezi, Nang Ursula, mimi! Lakini nimefikiri kwamba nikiondoka huenda Lola Ebing akarudi, na rafiki wa asubuhi za miaka arobaini ana thamani kuliko mjukuu wa miezi kumi anayejua kuaga tu. Ila nikiondoka, ni nani atamshika Bibi kwenye ngazi? Niende, au nibaki nimwendee Lola Ebing nimwombe radhi, na kama nikimwendea niseme nini, maana nimepekua daftari lote na hakuna ukurasa wa jambo hilo. Na kama una nafasi naomba pia unijibu hili, kwa kuwa linanisumbua hata nikiwa sina huzuni: maneno ni yale yale, geti linafanana na geti, inakuwaje neno liwe zuri kwetu na liwe baya hatua ishirini kutoka kwetu, na mtu atajuaje yale ambayo hakuna anayeyasema?

Mimi,
Mwenye Daftari, Pwani ya Kusini

*

Inday mwenye daftari,

Umeniomba nisiisome Jumamosi. Leo ni Jumamosi. Kaa chini.

Nitaanza na kukugombeza ili tumalize mapema. Una bibi ambaye yuko hatua tano kutoka kitandani kwako, na magoti yake hayamruhusu hata kukukimbia. Badala ya kumuuliza yeye umetafuta penseli, bahasha, stempu na mwanamke usiyemjua. Siku ishirini na sita! Mtoto aliyejaza daftari zima kwa kuuliza kwa nini, swali moja lenye maana ameliuliza mara moja, kisha akapita migombani. Hiyo si haya tena, Inday. Huo ni ukaidi uliovaa sketi ndefu.

La pili, ulikosea. Usimruhusu mtu akuambie haikuwa kitu. Ningekuwa mimi mgeni wa tano pale getini, ningeacha mwavuli na viatu. Hata hivyo mzee anayetupa mwavuli wake mwezi wa tisa akarudi nyumbani kwa miguu na mvua hiyo, akipata homa, sihitaji wafu wanieleze imetoka wapi. Nong Takyo, ukinisikia, nunua kofia.

Na huyo muuza samaki mwenye mdomo, usimwogope wala usimchukie. Alikuwa amefiwa na kaka yake, na hasira aliyokuwa nayo hakuwa na pa kuitupa. Huwezi kuligombeza jeneza. Wewe ulisimama getini na adabu zako, ukamfaa. Lakini mama, wewe mwenyewe ukinisikia, siku ishirini na sita zinatosha. Kaka yako alikuwa akimtania huyu mtoto ili asogee, nawe unamtania ili akimbie. Shika samaki wako.

Sasa tuje penyewe. Unadhani mjane haji kwenu kwa sababu yako. Katika pwani yenu hiyo, na nimezaliwa si mbali nayo, wazee wanashika kwamba mjane haiti kwenye geti la mtu mpaka siku arobaini zitimie. Anakwenda kanisani, anakwenda kaburini, basi. Hataki kuingia na msiba wake kwenye nyumba ya anayempenda. Hivyo mwanamke huyo anamkinga bibi yako. Bibi yako anajua, ndiyo maana alikuambia miguu itamleta siku yake, na alidhani amekujibu. Hakuna aliyekueleza kwa sababu kila mtu anajua, na jambo linalojulikana na wote halina mwalimu. Hapo ninakuonea huruma, na hapo hatuna budi sisi wakubwa kujigombeza wenyewe.

Hebu tazama tena ulichoniandikia kwa mkono wako. Bibi yako anafungua redio mpaka kuku wanahama. Inday, masikio ya bibi yako ni mazima. Amesikia "Maayo" ya rafiki yake kila asubuhi kwa miaka arobaini, na sasa mmoja hawezi kushuka ngazi na mwingine hawezi kuja getini, katikati kuna ua wa mianzi. Unafikiri sauti hiyo anamfungulia nani?

Na yale mabega. Ulimwona mjane amejiziba mdomo, mabega yanatetemeka, ukakimbia. Sikuwepo, kwa hiyo siapi. Lakini nimekaa kwenye misiba mingi, na mjane anayelia siku ya nne huwa haoni haya, hana sababu ya kujiziba. Hujiziba yule ambaye jambo limemshika wakati mbaya. Mume wake aliwaita watu waje kula maisha yake yote, halafu yeye yuko kwenye jeneza na msichana yuko getini anawaambia wageni wake warudi tena na tena. Nafikiri alikuwa anacheka, Inday. Nafikiri bibi yako aliangalia chini kwa sababu hiyo hiyo. Kamuulize. Ukikuta nimekosea, niandikie, nitakiri hewani.

Umeniuliza neno linakuwaje zuri hapa na baya hatua ishirini mbele. Jibu uliandikiwa zamani kwenye safu yako ya tatu, ukalipita. "Siku nisipojibu, atajua." Wale wanawake wawili hawakuwa wanaulizana mlango. Kila asubuhi mmoja alikuwa anauliza, bado upo? Na mwingine anajibu, bado nipo, njoo. Tiya wa samaki naye hakutaka habari za sketi. Alitaka kujua kama unatembea na sauti unayo. Penye maiti swali hilo haliulizwi, kwa kuwa kila mtu ameshaona jibu limelala sebuleni. Basi watu hunyamaza. Na kunyamaza huko, mwanangu, ni adabu pia, ila haiingii kwenye safu ya pili.

Utafanya hivi. Kuhusu kliniki, ukiitaka kazi nenda, ni kazi ya heshima. Lakini usipande ndege kumkimbia bibi kizee wa jirani. Mjibu mama yako ukishatoka kwa huyo jirani, si kabla.

Asubuhi hii hii utachukua kikombe cha pili, kile kinachopoa kila siku, na safari hii hakitapoa. Utakifunika kwa sahani. Utapita njia ya mbele, siyo migombani. Daftari liache mezani. Ukifika getini kwake simama nje, hata kama anakuona, hasa kama anakuona, na uite. Usiingie mpaka ajibu. Akijibu, ingia, peleka mkono wake kwenye paji la uso wako, mpe sikwate yake. Radhi usiombe pale mlangoni kama mdaiwa. Kaa. Akikuambia mle, umeshiba, na mara ya pili umeshiba.

Kisha litakuja jambo unalolijua kuliko yote, na ndilo litakuwa gumu. Utaondoka. Nyumba hiyo bado iko ndani ya siku arobaini. Yeye hatakushukuru, hatanyanyuka, hatakufikisha getini, na wewe usigeuke, usiseme asante, usimwambie utarudi wala arudi. Simama, toka, nenda zako kimya kama wale kumi na mmoja walivyotaka kufanya ukawakatiza. Atakuona mgongo, na ataelewa kwamba umejifunza. Hiyo ndiyo radhi yako. Kesho asubuhi peleka kikombe kingine. Zimebaki siku chache tu, baada ya hapo miguu yake itamleta.

Mama mwenye magoti, najua unasikiliza, na najua mjukuu amejificha jikoni. Ongeza sauti kidogo. Ongeza tena. Sasa tia kakao motoni.

Na wewe mama wa upande wa pili wa ua, pole kwa msiba. Ni saa kumi na mbili na dakika ishirini. Muda si mrefu kuna mtu ataita getini kwako kwa sauti ndogo sana. Mjibu upesi. Kuita mara ya pili hataweza.